Nilizunguka vikundi vinne vya watoto wenye usonji Dar kabla ya kuchagua kimoja. Naweka hapa nilichokiona

Baba wa Mmoja (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, kamata chai kwanza.

Kijana wangu ana miaka 8, yuko darasa la pili, ana usonji. Kuongea anaongea, tena sana, ila mada ni moja: mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya Dar. Vituo vya Kimara hadi Kivukoni anavitaja kwa mpangilio bila kuvuta pumzi, na ukichanganya basi la Gerezani na la Kivukoni atakusahihisha mpaka usingizi ukuchukue. Kwa hiyo tatizo lake si maneno. Anaongea na mtu kama redio inavyoongea na sebule, watu wawepo wasiwepo. Watoto wa mtaani kwetu Tabata wakianza kombolela, yeye anasogea na kuwatajia vituo. Wenzake wanakimbia kujificha, maana ndio mchezo wenyewe, naye anarudi ndani analia kwamba wamemkimbia.

Kliniki wakatushauri tumtafutie kikundi cha stadi za kijamii. Kwa wasiojua, ni watoto wachache wanaokutana kila wiki na mtu mzima mmoja au wawili, wanajifunza kuanza maongezi, kungoja zamu, kushindwa mchezo bila kupindua ubao. Nikadhani ni kwenda kulipia tu kama tuisheni. Nimezunguka vinne, kila kimoja nikikaa pembeni kipindi kizima. Majina siweki, maana vingine nitavisema vibaya na huenda tangu hapo vimejirekebisha.

Cha kwanza kilikuwa kizuri kwa macho. Kiyoyozi, zulia nene, ukutani katuni. Watoto 11, mdogo wa miaka 4, mkubwa ana ndevu zinaanza kuota. Hicho si kikundi, ni daladala. Mwalimu alikuwa anainua kadi za nyuso: "Huyu ana nini?" "Hasiraaa!" "Na huyu?" "Furahaaa!" Saa nzima. Mwanangu alizishika zote siku ileile, nikajiona nimepata. Jioni mtu akanigongea gari kwa nyuma tukiwa foleni, nikashuka nimefura kweli kweli, nikarudi kwenye usukani natetemeka. Akanitazama akaniuliza, "Baba unataka kulala?"

Cha pili kila kitu ni Kiingereza. Watoto wenyewe wa Segerea na Kinyerezi, wanafundishwa namna ya kuomba kujiunga na mchezo kwa sentensi ndefu yenye adabu ya kwenye vitabu. Mtaani kwetu mtoto anapiga kelele tu "na mimi nimo!" na mambo yanaendelea. Halafu kila baada ya dakika mbili: niangalie machoni, niangalie machoni. Nikamuuliza mwalimu, huyu akienda kwa bibi yake Korogwe akamkodolea macho wakati anamwamkia, si ataitwa mkavu wa macho? Akasema mtaala ndivyo ulivyoandikwa. Sawa, ila aliyeuandika hajawahi kumwamkia bibi huyo.

Sasa cha tatu na cha nne niwaeleze pamoja, maana kote niliona jambo lilelile.

Cha tatu, katikati ya wimbo jenereta ya jirani ikawaka. Mvulana mmoja, kama miaka 7, akaingia chini ya meza akaziba masikio. Msaidizi akamvuta mkono atoke. Akang'ang'ania mguu wa meza, meza ikasogea, vikombe vikamwagika, mtoto akapiga ukelele, na wenzake wawili nao wakaziba masikio. Mwalimu mkuu anaendelea kuimba na kupiga makofi kama hakuna kitu. Mwisho akaniambia kwa tabasamu, "Huyu anadeka tu, tunamzoesha."

Cha nne kipo kwenye chumba cha nyuma cha kishule kidogo, feni moja inayolia. Watoto wanne. Humo nako msichana mmoja akaingia chini ya meza, sababu sikuiona. Mwalimu akaketi sakafuni, si karibu sana, akatoa kizibo cha soda mfukoni, akakibiringisha kuelekea kwake. Kimya. Akaendelea na wengine akiwa palepale chini. Baada ya muda kizibo kikarudi. Akakituma tena, kikarudi tena. Hakumwita, hakumtazama, hakuna aliyesema "toka". Kama dakika 20 hivi msichana akatoka mwenyewe akarudi mahali pake. Wenzake kazi yake hawakuigusa, waliiacha imsubiri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: wanajenga mnara kwa vipande vya mbao alivyowakatia fundi wa Keko. Mmoja ana mchoro na haruhusiwi kushika mbao, anaelekeza kwa mdomo. Wa pili anagawa vipande. Wa tatu ndiye anajenga, lakini haoni mchoro. Wa nne anangoja zamu huku anakagua. Baadaye nilikuja kusoma kwamba namna hii ilianzishwa na mwanasaikolojia Daniel LeGoff huko Marekani, kwa vipande vya LEGO, vile vya plastiki vinavyoshikamana, akaandika juu yake mwaka 2004. Nilichokipenda ni kwamba hakuna anayeambiwa "ongea na mwenzako". Asipoongea, mnara haujengeki.

Kote nilikopita niliuliza maswali mengi, ila lililonisaidia ni moja: anachojifunza humu ndani mnakifikishaje mtaani kwangu? Nina sababu. Sisi wenyewe tulimfundisha shikamoo, akaishika vizuri mno, akamwamkia mtoto wa jirani wa miaka 5. Yule mtoto naye bila aibu akajibu marahaba, na mpaka leo anaidai kila asubuhi. Wa kwanza na wa tatu walinijibu "tutampa cheti". Wa pili walinipa kitabu. Wa nne mwalimu alisema kila Jumamosi atanitumia sauti ya WhatsApp: wiki hii tunafanyia kazi jambo hili moja, jaribu nyumbani na mtoto mmoja, dakika 10, halafu niambie lilivyokwenda. Wa kwanza Sh 60,000 kwa kipindi, wa nne Sh 25,000.

Nimechukua wa nne, tumeanza wiki iliyopita. Wenye uzoefu karibuni, nikosoeni.


Mzee wa Busati

Nimeketi hapa nasubiri wataalamu. Huyo wa kudai marahaba akikua atagombea udiwani.


Fundi Tiba

Mleta uzi, mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy), nilisoma pale hospitali ya KCMC Moshi. Umeona vizuri kuliko baadhi yetu wa fani. Niongezee machache.

Zile kadi za nyuso. Mwaka 2012 kulitoka mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu vikundi vya aina hii. Walichuja tafiti wakabaki na majaribio 5 tu, washiriki 196 wa miaka 6 hadi 21, yote ya Marekani. Waliona vikundi vinasaidia kiasi kwenye kuishi na wenzao na kwenye ubora wa urafiki. Kwenye kutambua hisia za mtu, hawakuona tofauti kati ya waliokwenda na wasiokwenda. Kwa hiyo kituo kinachokula saa nzima kwenye kadi kinatumia hela yako mahali pasipo na mavuno. Kijana wako alikuthibitishia pale foleni.

Sauti ya WhatsApp usiidharau, ndiyo nusu ya kazi. Kuna programu ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, inaitwa PEERS, ya Elizabeth Laugeson na Fred Frankel. Hiyo ni ya vijana wa umri wa sekondari, wiki 14 hadi 16, dakika 90 kila wiki. Wakati vijana wako chumba kimoja, wazazi wao wako chumba cha pili wanafundishwa jinsi ya kuwasimamia wiki nzima. Mzazi anayeachwa getini na kuambiwa "njoo saa kumi" hajapewa huduma kamili.

Angalia pia nani yumo. Umri upishane mwaka mmoja au miwili, na kiwango cha kuongea kikaribiane. Mtoto anayeongea sentensi ndefu ukimweka na wasioongea kabisa, hana wa kujibizana naye, na wale nao hawapati msaada wao. Watoto 4 hadi 6 wanatosha. Wakizidi 8 kwa mwalimu mmoja, hapo wanalindwa tu.

La mwisho ni la meza. Mtoto anayejificha anakwambia kitu. Anayevutwa mkono anajifunza kwamba kusema hakusaidii, na kesho atasema kwa kuuma.


Genge la Mama Ntilie

Asanteni kwa elimu. Ila Sh 25,000 kwa wiki ni 100,000 kwa mwezi na nauli bado. Mimi nauza chakula, nina watoto watatu na wa kati ndiye mwenye hali hiyo. Sisi tufanyeje, au usonji ni wa wenye hela?


Neema Tele

Pole dada. Kwangu tulimpeleka kwenye maombi na mabadiliko tunayaona. Msiutupe upande huo, hawa watoto wengine ni mambo ya kiroho.


Mzee wa Busati

Neema, ombeni, hakuna anayekataza. Ila mjukuu wangu alipokuwa akichachamaa sokoni watu walisema kapandisha mashetani, tukapoteza miaka miwili tunazunguka kwa watu. Tulipompata mtu wa kutuambia ni kelele za spika zinamuumiza, tukamnunulia vile vya kuziba masikio. Sokoni sasa anakwenda.


Mama Pacha, Nairobi

Hamjambo wazazi. Huku wengine wetu tunasema tawahudi, ni kitu kimoja. Pacha wangu mmoja anayo, mwingine hana, kwa hiyo nina mizani nyumbani.

Dada wa chakula, nikujibu kwa yaliyonipata. Tulilipia kikundi muhula mzima. Ndani ya kile chumba kijana alikuwa bingwa: anasalimia, anangoja zamu, anasema asante. Shuleni bado anakula chakula chake peke yake nyuma ya tanki la maji. Mwalimu wake wa darasa, mama mmoja mtulivu sana, ndiye aliyetuokoa, na hakutoza hata shilingi. Alichagua wasichana wawili na mvulana mmoja, si wale wa kwanza darasani, wale wenye subira. Akakaa nao kando akawaambia: fulani akikaa kimya si kiburi, mpe muda, muulize tena. Akiongea sana kuhusu wadudu, mwambie wazi "sasa tucheze", hatakasirika. Basi. Baada ya wiki kadhaa tanki la maji likakosa mteja.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta pesa ya kikundi, tafuta mwalimu mwenye roho.


Fundi Tiba

Mama Pacha umenitangulia. Mwaka 2012 Connie Kasari na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watoto 60 wenye usonji walio kwenye madarasa ya kawaida. Baadhi walifundishwa wenyewe na mtu mzima. Kwa wengine, waliofundishwa ni wanafunzi wenzao. Njia ya kufundisha wenzao ndiyo iliyowaingiza zaidi kwenye urafiki wa darasa, na ikapunguza kukaa peke yao uwanjani wakati wa mapumziko.

Dada mwenye genge, kaa na watoto wawili wa jirani, wapole, nusu saa kila Jumamosi. Mchezo mmoja tu wenye zamu: mdako, karata, hata kukanda unga wa maandazi, mmoja anamimina, mmoja anakanda, mmoja anakata. Maliza wakati bado wanacheka, usingoje wagombane. Kama upo Dar, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto pale Ilala ni ya serikali na ina kitengo cha watoto wenye usonji. Nenda ukaone, uulize.


Genge la Mama Ntilie

Unga ninao wa kutosha. Nitajaribu. Ubarikiwe.


Kimya Kingi

Huwa nasoma tu hapa, leo niandike. Mimi ndiye huyo mtoto, ila nimekua. Ni mwanamke, nilipimwa nikiwa na miaka 26 nikiwa masomoni Uingereza. Kabla ya hapo niliitwa mwenye maringo.

Nilipokuwa shule ya bweni nilijifunza mwenyewe yale mnayolipia. Nilichagua msichana mmoja maarufu bwenini nikamnakili: anavyocheka, anavyoshika kiuno, anavyosema "jamani!". Nilifaulu. Nilikuwa na marafiki sita na hakuna hata mmoja aliyenijua. Kila jioni kichwa kinauma, likizo nalala siku tatu mfululizo, mama anadhani malaria.

Kwa hiyo mkichagua kikundi, ulizeni mnataka mtoto apate nini. Kuna vikundi vinavyofundisha kuficha. Mtoto anaacha kutikisa mikono, anaangalia machoni, anatulia, wazazi wanafurahi, na gharama yake anaibeba yeye. Muulizeni mwalimu: mtoto akisema "sitaki kucheza leo", jibu lenu ni nini? Na mtoto akirudi nyumbani, mwangalieni saa moja ya kwanza. Uchovu wa kucheza na uchovu wa kuigiza havifanani, mzazi ataona.

Na kuna jambo Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye naye ana usonji, alilieleza mwaka 2012. Kutoelewana huku kuna pande mbili. Mimi sikuelewi, na wewe hunielewi, lakini anayepelekwa darasani kila Jumamosi ni mimi tu.

Baba wa Mmoja, mwendokasi usimnyang'anye.


Baba wa Mmoja

Dada Kimya Kingi, nimesoma mara tatu. Nikiri kosa: tulikuwa tumeweka sheria nyumbani, mwendokasi dakika 5 kwa siku kwa saa ya ukutani. Mke wangu kasoma bandiko lako jana usiku, asubuhi nimekuta saa imeshushwa.


Subira Yavuta

Na sisi ambao watoto hawaongei kabisa? Wangu ana miaka 6, kila kikundi wananiambia hayuko tayari.


Fundi Tiba

Subira, kwa kikundi cha maongezi wanaweza kuwa sahihi, ila wasikuache mlangoni. Anza na mtu mmoja kwa mmoja, na apewe njia ya kuomba anachotaka. Ipo njia ya kubadilishana picha inayoitwa PECS, ya Andy Bondy na Lori Frost, ya tangu 1985: mtoto anakupa picha ya maji, unampa maji. Usiogope kwamba picha zitamzuia kuongea. Akishaweza kumpelekea mtu picha bila kusukumwa, tayari ameanza kuzungumza na mwenzake. Hapo muweke na mtoto mmoja tu, mtulivu, mchezo wa kupeana. Kikundi baadaye.


Baba wa Mmoja

MREJESHO

Wakuu, ni miezi minne sasa, kuna mliouliza inbox.

Kikundi kilitaka kunivunja moyo mwanzoni. Wiki tano za kwanza alikuwa anakagua tu, hataki kushika mchoro, hataki kujenga. Mwalimu akasema mwacheni, kukagua ni kazi. Wiki ya sita mwenye mchoro hakuja, akauchukua yeye, akaelekeza mnara wote kwa sauti ya yule anayetangaza vituo ndani ya basi. Watoto walijenga huku wamevunjika mbavu.

Kuna Jumamosi mbili amegoma kwenda, hatukumlazimisha. Shikamoo bado inatushinda, tumekubaliana atasema "mambo" kwa yeyote ambaye hajamfikia begani. Kuna shangazi yake mfupi, hilo tutalitatua.

Kazi ya nyumbani ya mwezi uliopita ilikuwa kumtafutia nafasi moja kwenye mchezo wa mtaani, iliyo wazi, isiyobadilika. Nilimwita yule mdai marahaba pamoja na kaka yake mkubwa, nikawaeleza kama alivyosema Mama Pacha, maneno machache tu. Kaka mtu akafikiri, akasema basi awe anahesabu, kwa sababu yeye hachungulii. Ni kweli, hachungulii. Anaweka uso ukutani kwa fundi cherehani na hawezi kudanganya hata ukimlipa.

Ila hahesabu namba. Anataja vituo. Anaanza Kimara Mwisho, Korogwe, Bucha, Baruti, anashuka nayo Morogoro Road yote, hakiruki hata kimoja, na watoto wameshazoea kwamba akisema Jangwani waliobaki wazi wamekwisha, maana akifika Fire anageuka. Kutafuta bado si mzuri sana, anasahau anamtafuta nani, wanacheka, yeye mwenyewe siku hizi anacheka.

Juzi nilikuwa barazani nakata kucha. Wamekusanyika pale ukutani, yeye kashaziba macho, yule wa miaka 5 akamvuta shati akamuuliza, "Leo tunacheza ya Gerezani au ya Kivukoni?"